Chumvi mbichi umeiacha, ya kwenye sufuria je?

Mgonjwa wa presha akiulizwa kliniki kama bado anakula chumvi, jibu la kawaida huku kwetu Kusini, kuanzia Mtwara mjini mpaka Nachingwea, ni hili: "Hapana mwanangu, chumvi mbichi niliacha zamani." Na anasema kweli. Kikopo cha chumvi hakifiki tena mkekani wakati wa kula. Lakini mihogo ya asubuhi ilichemshwa kwa chumvi, mchuzi wa samaki wa mchana ulitiwa chumvi, kisamvu cha jioni nacho kilitiwa yake. Hizo hazihesabu, kwa sababu kwake yeye zimeshaiva.

Kuiva ni habari ya samaki na muhogo. Chumvi haiivi. Kikemia ni kloridi ya sodiamu, na ili moto peke yake uiyeyushe unahitaji kufika nyuzi 801 za Selsiasi, wakati maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 100. Ndani ya mchuzi inapotea machoni tu. Haipungui wala haigeuki kitu kingine. Kijiko kilichoingia jikoni ndicho kitakachofika matumboni, kimegawanywa kwa idadi ya walaji.

Imani hii haikutoka hewani. Wahudumu wa afya wamekuwa wakisema "usiongeze chumvi mezani", na ni ushauri sahihi, kwa kuwa ya mezani inakuja juu ya ile iliyokwishatiwa. Uliposafiri mdomo kwa mdomo ukabaki nusu: ya mezani mbaya, ya jikoni salama. Nusu nyingine ya tatizo ni maandishi tunayosoma mtandaoni, mengi yakiwa yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Kule zaidi ya asilimia 70 ya sodiamu inatoka kwenye vyakula vya viwandani na vya mikahawa, ndiyo maana wanaambiwa wasome lebo. Mtu wa Tandahimba asome lebo ya nini, ya kisamvu? Kwetu sehemu kubwa ya chumvi inatoka kwenye mkono wa anayepika, na kwa maoni yangu hiyo ni nafuu kubwa ambayo hatuitumii. Mzungu anasubiri kiwanda kikubali kupunguza. Sisi tunamsubiri mtu aliyeko jikoni.

Sasa chumvi inafanyaje mpaka presha ipande? Maelezo ya haraka, kwamba "chumvi inavuta maji", yana ukweli lakini yanaishia njiani.

Karibu kila mtu amewahi kuona dripu ya maji ya chumvi ikining'inia juu ya kitanda cha mgonjwa. Lita moja ya maji yale ina gramu 9 za chumvi. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo: kinakaribiana na cha majimaji yanayozunguka mwilini. Mwili unakilinda kwa wivu. Ukila chumvi nyingi, ubongo unaleta kiu, unakunywa, na figo zinapunguza maji yanayotoka mpaka uwiano urudi. Kwa hesabu hiyo, gramu 9 zikibaki mwilini zinabaki na takriban lita moja ya maji. Sehemu yake inaingia kwenye damu, mishipa inajaa, na moyo unasukuma mzigo mkubwa zaidi.

Mtu mwenye figo nzima huitoa chumvi ya ziada ndani ya siku chache, na kama angekula vile mara moja kwa mwezi tusingekuwa na la kuzungumza. Kasheshe inaanza pale ziada inapoingia kila siku. Figo hutoa sodiamu zaidi damu inapozifikia kwa msukumo mkubwa zaidi. Jambo hili lilichambuliwa kwa kina na mwanafiziolojia Arthur Guyton wa Mississippi, Marekani. Kuna watu ambao figo zao zinahitaji msukumo mdogo tu kuondoa mzigo wa siku. Wengine figo zao haziutoi mpaka presha ipande, na mwili unakubali: unaipandisha, chumvi inatoka, hesabu inakaa sawa, ila sasa presha ya juu imekuwa ndiyo gharama ya kila siku ya kutoa chumvi. Miaka ikipita, kuta za mishipa midogo zinanenepa na kukakamaa, na hapo hata mtu akipunguza chumvi presha inaweza isirudi yote ilipokuwa zamani.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula sinia moja kwa miaka 20, mmoja akapata presha na mwenzake akabaki mzima. Wanaoathirika zaidi ni wenye umri mkubwa, wenye kisukari, wenye figo zilizochoka, na wale ambao presha yao tayari iko juu. Tafiti nyingi zimeonyesha pia kwamba watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, presha yao huitikia chumvi kuliko ya wengine. Kwenye zahanati zetu hakuna kipimo cha kujua wewe uko kundi gani. Kwa hiyo yule mjomba anayejitapa kwamba anakula papa wa chumvi tangu utotoni na hana presha anaweza kuwa mkweli kabisa, na ushahidi wake usikusaidie chochote.

Ushahidi wa uhakika zaidi upo, na mmoja uko karibu na nyumbani. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha za wahamiaji zilikuwa juu kuliko za waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Uzito nao ulikuwa umebadilika, na maisha ya mjini yana mengine ya kupandisha presha, kwa hiyo chumvi haikuwa peke yake. Damu ni zile zile, ukoo ni ule ule; kilichobadilika ni maisha na chakula.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 1988, utafiti mkubwa uitwao INTERSALT ulikusanya mkojo wa saa 24 kutoka kwa watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32. Mkojo ndio kipimo kizuri, maana karibu asilimia 90 ya sodiamu unayokula inatokea huko, na mkojo hausahau wala hauoni haya. Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao karibu hawali chumvi kabisa, walikuwa na wastani wa presha karibu 95 kwa 61, na haikupanda kwa umri. Sisi tumezoea kudhani kwamba mtu akizeeka presha lazima ipande, kama mvi.

Halafu kuna sokwe wa Gabon. Mwaka 1995 ilichapishwa taarifa ya sokwe walioongezewa chumvi kwenye chakula chao kidogo kidogo mpaka gramu 15 kwa siku, kwa miezi 20. Presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo, ilipanda kwa wastani wa zaidi ya vizio 30. Chumvi ilipoondolewa, ikarudi chini ndani ya miezi sita. Wapo ambao haikuwapanda, sawa na yule mjomba.

Kwa binadamu majaribio hayawezi kuwa makali namna hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliojumlisha majaribio mengi ya angalau wiki nne uligundua kwamba kupunguza chumvi kwa gramu 4.4 kwa siku kulishusha presha ya juu kwa vizio 4 hivi. Kwa wenye presha kwa vizio 5 na kitu, kwa wasio nayo kwa 2 na kitu. Mtu mwenye 170 akisikia vizio 5 anaweza kuguna. Ana haki, na asiache dawa zake. Lakini vizio 5 kwa kila mtu wilayani ni jambo lingine, kwa sababu kiharusi hakiwasubiri wenye 170 peke yao. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio la China katika vijiji 600, watu karibu 21,000, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya miaka karibu mitano, viharusi vilikuwa pungufu kwa asilimia 14 kwenye vijiji hivyo. Nao wapishi wao, kama wa kwetu, ndio walioshika chumvi mkononi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu, maana sodiamu ni kama asilimia 40 ya uzito wa chumvi. Gramu 5 ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa kichungu. Wastani wa dunia, kwa makadirio ya shirika hilo hilo, ni karibu gramu 11.

Si wanasayansi wote wanaokubaliana na mstari huo. Mwaka 2014 utafiti wa PURE, wenye watu zaidi ya 100,000 katika nchi 17, ulidai kwamba wanaokula chumvi kidogo sana nao walikufa zaidi kuliko wanaokula ya katikati. Habari hiyo ilisambaa haraka, kama habari yoyote inayoruhusu watu waendelee na walichozoea. Udhaifu wake ni kipimo: walitumia mkojo wa mara moja wa asubuhi na kukisia ya siku nzima. Tena mtu anayeumwa hula kidogo, na chumvi yake inakuwa kidogo kwa sababu anaumwa. Mimi nauchukulia mjadala huu hivi: kwamba gramu 3 ni bora kuliko 5, wabishane; kwamba gramu 12 ni nyingi, hilo halina mbishi wa maana. Mjadala wao uko chini sana ya pale wengi wetu tulipo.

Tuangalie basi siku moja ya kawaida. Asubuhi mtu wa mjini anakunywa supu ya pweza na chapati, na supu ya kibandani mwenye nayo anaikoleza kwa sababu mteja asiyepata ladha harudi. Aliyebaki nyumbani anakunywa chai na mkate. Vipande viwili vya mkate vinabeba chumvi inayozidi nusu gramu, ingawa ulimi hauioni. Saa nne zinapita ming'oko, ile mizizi ya porini, zilizochemshwa, na maji yake yana chumvi. Mchana ni ugali, ambao hautiwi chumvi, ila mboga ya pembeni ndiyo inayofanya kazi ya kuusukuma, kwa hiyo inakolezwa maradufu. Jioni chipsi za barabarani zinamwagiwa chumvi mbele ya macho yako. Katikati ya yote kuna vile vidonge vya mchuzi, ambavyo kiungo chake kikubwa kwa kawaida ni chumvi. Kosa lililozoeleka ni kutia kidonge kisha kutia chumvi kana kwamba kidonge hakikuwepo.

Samaki mkavu anastahili maelezo yake. Papa wa chumvi na ng'onda ndio waliowalisha watu wa bara, Newala na Masasi, kabla ya barafu na barabara ya lami, na ni chakula cha heshima. Mama anayejua kazi yake hamtii papa chunguni mkavu. Anamloweka usiku kucha, anamwaga maji, pengine mara mbili, ndipo anampika na nazi. Kuloweka kunaondoa sehemu kubwa ya chumvi, si yote, kwa hiyo mchuzi wa papa hauhitaji chumvi nyingine. Anayeonja kabla ya kutia atalijua hilo mwenyewe.

Magadi nayo huwa yanasahaulika, yale ya kulainishia kunde na mlenda. Hayana ukali wa chumvi mdomoni, lakini yana sodiamu. Kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba sodiamu isiyoambatana na kloridi hupandisha presha kidogo kuliko chumvi ya kawaida, kwa hiyo siyaweki kundi moja na chumvi. Ila mwenye moyo uliochoka au figo mbovu ayahesabu.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, na hapa Kusini tumejaliwa. Potasiamu inazisaidia figo kutoa sodiamu na inailegeza mishipa. Gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa bila chumvi zina karibu miligramu 380 za potasiamu, na sodiamu isiyofika hata miligramu 10. Korosho zisizotiwa chumvi zina potasiamu zaidi ya miligramu 600 kwa gramu 100. Weka na ndizi, viazi vitamu, mboga za majani, maembe, mabibo na dafu. Kinachoniudhi ni kwamba tunaichukua korosho safi, tunaikaanga, tunaiviringisha kwenye chumvi, kisha tunaiita zawadi kutoka Mtwara.

Wauzaji wa chumvi huweza kukwambia kwamba ya kwetu, ya mawe, inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Kilwa, Lindi na Mtwara, haina madhara kama ile nyeupe ya pakiti. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, jua linayakausha, na lita moja inaacha takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, nyingi ikiwa kloridi ya sodiamu ile ile. Tofauti yenye uzito ni madini joto. Maji ya bahari yakikauka, madini joto yanayobaki kwenye chumvi ni kidogo mno, na mwili unayahitaji: mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaolipa, na wengine wanapata uvimbe wa tezi shingoni. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania imeweka sharti kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto, lakini ya wazalishaji wadogo wa pwani inaweza kufika sokoni kabla ya kutiwa. Kwa hiyo punguza kiasi, lakini hiyo kidogo unayotumia iwe na madini joto.

"Sisi tunatoka jasho," ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, hasa kwa wavuvi na wanaopalilia mikorosho. Jasho lina chumvi, kweli, na anayeshinda juani anaweza kupoteza gramu kadhaa. Lakini mwili uliozoea joto hujifunza kuibana, jasho lake likawa na chumvi pungufu, na mlo wa kawaida hurudisha kilichotoka. Amazon nayo ni joto, na Wayanomami wanawinda humo bila chumvi. Mwenye duka anayekaa chini ya feni hana jasho la kumtetea.

Lingine ni presha ya kushuka. Mtu akisikia kizunguzungu, jirani anamwekea chumvi ulimini. Kizunguzungu kinaweza kuwa njaa, upungufu wa damu, malaria, sukari iliyoshuka, hata presha iliyopanda. Presha haijulikani kwa kuhisi. Wengi wenye 160 hawasikii lolote, na katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na presha ya juu. Inajulikana kwa mashine, mkono umepumzika, na kwa kawaida ikikutwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Kumlambisha mtu chumvi kabla ya kumpima ni kubahatisha.

Chumvi mbadala yenye potasiamu, ile ya China, ilipata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani Januari 2025. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, inaweza kumvuruga mapigo ya moyo, na hata mwongozo wenyewe hauwahusu wagonjwa wa figo, wajawazito wala watoto. Aulize kwanza anakochukulia dawa. Kwa walio wengi njia rahisi ni kupunguza ile ile iliyopo, taratibu, kwa sufuria nzima badala ya kumpikia mgonjwa chungu chake cha pembeni kama aliyetengwa. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache, na ndimu, ukwaju, tangawizi, pilipili na embe bichi kwenye mchuzi wa samaki vinauliwaza wakati unasubiri.

Na kama hujui nyumbani kwako mnakula kiasi gani, kalamu inatosha. Andika tarehe juu ya pakiti ya nusu kilo siku unayoifungua. Nyumba ya watu watano, kila mmoja gramu 5, ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ingepaswa kufika siku 20. Kwa kuwa mkate, supu ya kibandani na chipsi vina chumvi yake ambayo haitoki kwenye pakiti hiyo, ivuke siku 20. Kama kuna watoto wadogo, ivuke zaidi. Ondoa kwenye hesabu ile ya kukaushia samaki na ile iliyomwagwa na maji ya kuchemshia. Pakiti ikiisha siku ya tisa, mmeshajua, na hakuna aliyegusa chumvi mbichi.